Kidonda Sugu na Hesabu Zake: Uchague Modeli Ipi kati ya Nne?

Muuguzi mmoja wa huku Mtwara aliniwekea mezani daftari lenye vipimo vya kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, vilivyoandikwa kila Jumatatu kwa wiki saba, akaniuliza: "Mwalimu, hesabu zenu zinaweza kuniambia kama hiki kidonda kinapona au kinanidanganya?" Siku chache baadaye akaja mwanafunzi wa hisabati aliyetaka kuandika tasnifu kuhusu uponaji wa vidonda. Yeye alikuwa amechagua modeli yenye milinganyo mingi na picha za kupendeza, ila hakuwa na kipimo hata kimoja cha kidonda cha mtu halisi. Wote wawili walikuwa wanauliza juu ya jambo moja, lakini modeli inayomfaa mmoja haimfai mwingine. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa aina yao, yaani wauguzi na matabibu, wanafunzi wa afya na wa hisabati, na walimu wao, hasa walioko Mtwara na Lindi, ambako vidonda vya kisukari, vya ukoma, vya selimundu kwenye vifundo vya miguu, na vya kulalia upande mmoja kwa aliyepata kiharusi au aliyeanguka mnazini ni vitu tunavyoviona kwa macho yetu.

Modeli ya kihisabati ni maelezo ya jambo kwa lugha ya milinganyo, ili tuweze kuuliza "ingekuwaje kama" bila kumjaribia mgonjwa. Kidonda cha kawaida hupitia hatua nne zinazopishana: damu kuganda, mchochota unaoleta uvimbe na joto na kusafisha uchafu, nyama mpya kujengeka na ngozi kuifunika, kisha kovu kukomaa kwa miezi. Kidonda sugu ni kile kilichokwama njiani, mara nyingi katika mchochota. Kila modeli nitakayoieleza inakwenda kuutafuta mkwamo huo kwa njia yake.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima modeli zote kwa mambo matano. La kwanza ni swali, kwa sababu anayetaka kujua kidonda kitafunga lini hana haja sawa na anayetaka kujua kwa nini hakifungi. La pili ni vipimo ambavyo modeli inavihitaji ili isimame, na la tatu ni zana, kuanzia rula hadi kompyuta. La nne ni namna ya kuithibitisha, yaani kama kuna njia ya kuikuta imekosea. La tano ni kueleweka na yule atakayeitumia, kwa sababu matokeo yasiyoweza kuelezwa kwa mgonjwa na nduguye hayabadilishi matunzo.

Kigezo cha pili ndicho kinachonisumbua zaidi. Katika zahanati ya kijijini, iwe Tandahimba au Liwale, kinachotegemewa ni rula, simu yenye kamera na daftari. Kupima oksijeni ya ngozi au vimeng'enya vilivyomo katika majimaji ya kidonda ni jambo la maabara kubwa. Tena vipimo vyenyewe huja na mapengo. Msimu wa korosho ukianza, mgonjwa anakuwa shambani, na mvua zikizidi, barabara hukatika, kama ilivyokuwa Mei 2024 mafuriko yalipokata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi baada ya kimbunga Hidaya. Modeli isiyovumilia wiki tatu bila kipimo itamwangusha mtumiaji wa huku, hata kama imesifiwa kwingine.

Modeli ya kwanza: eneo na muda

Hii ndiyo ndogo kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa bila haki. Haijishughulishi na seli wala bakteria. Inachukua eneo la kidonda katika tarehe mbalimbali na kutafuta kanuni ya jinsi linavyopungua. Swali lake ni moja: je, kidonda kinafunga, na kwa kasi gani?

Kanuni mbili hutumika sana. Ya kwanza inasema kwamba kila wiki kidonda hupoteza sehemu ileile ya eneo lililobaki, nayo huandikwa A = A₀e^(−kt), ambapo A ni eneo lililobaki, A₀ ni eneo la mwanzo, e ni namba thabiti ya takriban 2.718, t ni idadi ya wiki na k ni kasi. Ya pili inasema kwamba ukingo wa kidonda husogea kuelekea katikati kwa mwendo uleule kila wiki, kidonda kiwe kikubwa au kidogo. Njia ya kuupima mwendo huo ilipendekezwa na Gilman mwaka 1990: eneo lililopungua hugawanywa kwa wastani wa mzingo (urefu wa ukingo wote kuzunguka kidonda) wa mwanzo na mzingo wa mwisho.

Chukua mfano wa kidonda chenye umbo la duaradufu, urefu sentimita 6 na upana sentimita 4. Eneo lake ni sentimita za mraba 18.85. Baada ya wiki 4 kimekuwa sentimita 4.2 kwa 2.8, yaani sentimita za mraba 9.24, kwa hiyo kimepungua kwa asilimia 51, na ukingo umesogea kama milimita 7, ambazo ni chini kidogo ya milimita 2 kwa wiki. Sasa uliza hali itakuwaje wiki ya 12. Kanuni ya kwanza inajibu kwamba zitakuwa zimebaki sentimita za mraba 2.2, na kwa hesabu zake kidonda hakifungi kabisa bali huzidi kuwa kidogo tu. Kanuni ya pili inajibu kwamba zitabaki 0.2, na kwamba kitafunga kati ya wiki ya 13 na ya 14. Vipimo ni vilevile, kanuni ni mbili, na kauli za kumpa mgonjwa zimetofautiana. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mtu asimwahidi mgonjwa tarehe kwa kutegemea vipimo viwili.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Chukua kidonda cha pili chenye sentimita 12 kwa 8, ukingo wake ukisogea milimita zilezile 7 ndani ya wiki 4. Hicho kitakuwa kimepungua kwa asilimia 28 tu. Anayetazama asilimia peke yake atasema kidonda kikubwa kinapona polepole, ilhali ngozi yake inafanya kazi sawa na ya yule mwenye kidonda kidogo. Kwa kulinganisha wagonjwa, basi, mwendo wa ukingo ni wa haki zaidi. Kwa kumfuatilia mgonjwa mmoja, asilimia inatosha.

Kwa upande wa uthibitisho, modeli hii ina nguvu ambayo zile kubwa zinaikosa, kwa kuwa imejaribiwa moja kwa moja kwa wagonjwa. Mwaka 2003 Sheehan na wenzake walichapisha matokeo ya watu 203 wenye vidonda vya miguu vya kisukari, wakaonyesha kwamba upungufu wa eneo katika wiki 4 za mwanzo unabashiri vizuri kupona ifikapo wiki ya 12. Kiwango kilichowatenganisha kilikuwa takriban asilimia 53: katika waliokipita, asilimia 58 walipona, na katika waliokuwa chini yake, asilimia 9 tu. Kidonda chetu cha mfano, chenye asilimia 51, kiko chini kidogo ya mstari huo, lakini mstari huo usichukuliwe kama ukuta. Rula ikisomwa pungufu kwa milimita 2 tu kwenye urefu na kwenye upana wa wiki ya 4, asilimia 51 inageuka kuwa 57.

Zana zake ni rula, karatasi ya plastiki angavu ya kuchorea ukingo, karatasi ya miraba na kikokotoo cha simu. Pengo la wiki tatu halivunji kitu, kwa sababu hesabu inafuata tarehe na wala haifuati idadi ya ziara. Makosa ya kujihadhari nayo ni machache lakini yana uzito. Ukizidisha urefu kwa upana bila kurekebisha umbo, kidonda cha sentimita 6 kwa 4 kitaonekana kuwa na sentimita za mraba 24, zaidi ya uhalisi kwa zaidi ya robo. Chagua njia moja na udumu nayo. Nyama iliyokufa ikikatwa, eneo huongezeka siku hiyo, na asiyeandika kwamba kidonda kilisafishwa atadhani kimeharibika. Kina hakionekani katika eneo hata kidogo.

Modeli hii haina uwezo wa kusema kwa nini kidonda kimesimama, na hilo ndilo lililo nje ya mipaka yake. Hata hivyo, kujua kwamba kimesimama si jambo dogo. Shangazi yangu wa Newala aliuguza kidonda cha unyayo kwa zaidi ya mwaka, na kwenye kadi yake kila ziara iliandikwa "kinaendelea vizuri", bila urefu wala upana hata mara moja. Alipoteza vidole viwili. Siwezi kusema kwamba rula ingeviokoa, lakini naamini ingeonyesha mapema kwamba hakuna kilichokuwa kinaendelea.

Modeli ya pili: seli na kemikali kwa wakati

Hapa swali linageuka kuwa "kwa nini". Modeli hizi huhesabu vitu vilivyomo ndani ya kidonda, kama bakteria, makrofeji (seli za kinga zinazomeza uchafu na bakteria) za mchochota, makrofeji za ukarabati, faibroblasti (seli zinazojenga nyama mpya), kolajeni (protini ya nyuzi inayoipa nyama hiyo uimara) na vimeng'enya vinavyoikata kolajeni, na kwa kila kimoja huandikwa mlinganyo unaosema kinaongezeka na kupungua kwa kasi gani kila siku. Kidonda huchukuliwa kama chungu kimoja kilichochanganywa sawasawa, kisicho na katikati wala ukingo. Mfano unaojulikana ni wa Waugh na Sherratt wa mwaka 2006, waliotenganisha makrofeji za mchochota na za ukarabati, kisha wakabadilisha baadhi ya namba ili kuiga mwili wa mwenye kisukari, na mchochota ukakataa kutulia.

Thamani kubwa ya modeli hizi ni kwamba zinaonyesha jinsi kidonda kinavyoweza kuwa na sehemu mbili za kutulia, moja ya kupona na nyingine ya kukwama. Nitaonyesha kwa mlinganyo mmoja wa bakteria ambao namba zake ni za kufundishia na hazikupimwa kwa mtu: dB/dt = B(1 − B/10) − cB/(1 + B). B ni wingi wa bakteria, na dB/dt ni kasi ya wingi huo kubadilika. Kipande cha kwanza ni kuzaliana hadi ukomo wa 10, na cha pili ni kazi ya kinga ya mwili, ambayo nguvu yake ni c na ambayo huzidiwa bakteria wakiwa wengi. Ukiweka c = 2, unapata sehemu mbili za kutulia, sifuri na 7.7, na kati yake kuna kizingiti cha 1.3. Bakteria wakiwa chini ya 1.3 kinga huwamaliza yenyewe. Wakiwa juu yake, watapanda hadi 7.7 na kubaki hapo.

Maana yake kwa mtu wa chumba cha kufungia vidonda ni hii. Kidonda kilichokaa kwenye 7.7 kikisafishwa hadi 2, kitaonekana safi sana siku hiyo, lakini kitarudi kilikotoka. Kikisafishwa hadi 1, kitaendelea chenyewe hadi sifuri. Tena, kinga ikipewa nguvu hadi c = 3, labda kwa sukari kudhibitiwa na lishe kuboreshwa, kizingiti kinapanda hadi 4 na sehemu ya kukwama inashuka hadi 5, kwa hiyo usafishaji uleule wa hadi 2 sasa unatosha. Na c ikipita 3.025, sehemu ya kukwama inatoweka kabisa. Sijui njia nyingine inayoeleza vizuri kiasi hiki kwa nini tiba ileile humponya mmoja na kumrudisha mwingine palepale, na kwa nini hatua mbili ndogo zikichukuliwa pamoja zinaweza kufanya kile ambacho hatua moja kubwa haikifanyi.

Vipimo ndipo mahali panapouma. Modeli ya vitu vinne huwa na namba thabiti kumi au zaidi, nazo ni kasi za kuzaliana, za kufa na za kuchocheana. Mwenye vipimo saba vya eneo hawezi kuzipata zote, kwa sababu makundi mengi tofauti ya namba yatachora mstari uleule unaopita kwenye vipimo vyake. Kwa hiyo namba nyingi huazimwa kutoka maabara na kwa wanyama, na mkopo huo una riba: kidonda cha panya hufunga zaidi kwa ngozi kujivuta, ilhali cha binadamu hutegemea zaidi nyama mpya na ngozi kukua juu yake. Anayeazima namba ana wajibu wa kujaribu kuzibadilisha moja baada ya nyingine na kueleza ni ipi inayogeuza hitimisho lake.

Kwa zana, kompyuta mpakato moja inatosha, na hata programu ya jedwali inaweza: wiki 12 ni siku 84, na kwa hatua za sehemu ya kumi ya siku unapata safu mlalo 840, jambo ambalo mwanafunzi anaweza kulimaliza jioni moja hata umeme ukikatika katikati. Ni rahisi pia kuieleza kwa mchoro wa mabonde mawili (sehemu mbili za kutulia) na kilima kati yake (kizingiti), nami nimeona wauguzi wakiuelewa mchoro huo upesi kuliko wanafunzi wangu. Inawafaa wanaofundisha, wanaoandika tasnifu, na watabibu wanaotaka kufikiri juu ya mpangilio wa tiba. Kumtabiria mgonjwa mmoja kwa jina lake ni kazi isiyoiweza.

Modeli ya tatu: nafasi na wakati

Kidonda kina ukingo na kina katikati, na mara nyingi tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo ugonjwa wenyewe. Oksijeni husambaa kutoka kwenye mishipa midogo ya damu kwa umbali wa sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita tu, kwa hiyo seli iliyo mbali na mshipa hukosa pumzi hata kama damu iliyo mshipani ni nzuri. Modeli za aina hii hueleza jinsi seli na oksijeni zinavyosambaa na kuongezeka kwa pamoja, katika kila nukta na kila wakati.

Mzizi wake ni kazi mbili za mwaka 1937, ya Fisher kwa upande mmoja na ya Kolmogorov, Petrovsky na Piskunov kwa upande mwingine, zilizoonyesha kwamba kitu kinachosambaa na kuzaliana husonga kama wimbi lenye mwendo wa 2√(Dr), ambapo D ni wepesi wa kusambaa na r ni kasi ya kuzaliana. Sherratt na Murray waliitumia fikra hiyo kwa ngozi ya juu mwaka 1990. Na hapa pana uhusiano unaonifurahisha kila ninapoufundisha: wimbi lenye mwendo usiobadilika ndilo linaloipa msingi ile kanuni ya rula ya kwamba ukingo husogea kwa milimita zilezile kila wiki. Wimbi hilo linatufundisha pia subira, kwa kuwa ukiongeza kasi ya seli kuzaliana mara mbili, ukingo hauendi mara mbili bali mara 1.4 tu.

Kwa vidonda sugu hasa, kuna kazi mbili za kuzitaja. Xue, Friedman na Sen mwaka 2009 walijenga modeli ya kidonda kilichozungukwa na eneo lenye upungufu wa damu, wakaonyesha jinsi upungufu huo unavyokizuia kufunga. Mwaka huohuo Flegg na wenzake waliandika modeli ya vitu vitatu, yaani oksijeni, ncha za mishipa inayochipua na mishipa yenyewe, ili kuuliza kuhusu tiba ya oksijeni. Modeli yao ilisema kwamba oksijeni ya kanieneo (shinikizo) kubwa inayotolewa kwa vipindi huamsha uponaji, kwamba oksijeni ya kanieneo la kawaida haifanyi hivyo, na kwamba tiba isikatishwe kabla kidonda hakijafunga. Maswali ya namna hiyo, ya lini kuanza na lini kuacha, ndiyo mahali ambapo modeli hizi zina kazi ya kweli.

Lakini zinadai. Kwa vipimo, zinataka kujua hali ya damu na oksijeni mahali mbalimbali pa kidonda, na picha za simu zilizopigwa na rula pembeni zinasaidia kwa umbo la ukingo tu. Kwa zana, kompyuta mpakato inatosha kwa mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, ila gharama hupanda kwa kasi: kwa njia ya kawaida ya hatua za mbele, inayokokotoa hali ya hatua inayofuata moja kwa moja kutoka hali ya sasa, ukipunguza umbali kati ya nukta kwa nusu, huna budi kupunguza hatua ya wakati kwa robo, na kazi inakuwa mara 8, kwenye uso mzima wa kidonda inakuwa mara 16. Kuzithibitisha kunahitaji vipimo vya maabara au vya wanyama. Kuzieleza si kugumu, kwa kuwa zinatoa picha inayosonga ambayo mtu yeyote anaitambua kuwa kidonda, na hapo ndipo ninapotaka msomaji awe macho, maana picha inayofanana na kidonda si ushahidi kwamba sababu zake ndizo.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo modeli hizi mara nyingi hazilibebi. Mguu uliokufa ganzi kwa ukoma au kwa kisukari hukanyaga kidonda chake bila kuhisi maumivu, na kila hatua ya kwenda kuchota maji hukibomoa kilichojengwa usiku. Atakayeandika modeli ya kidonda cha unyayo bila kuweka uzito wa mwili na idadi ya hatua ameandika modeli ya mguu uliotundikwa.

Modeli ya nne: seli mojamoja

Njia hii haiandiki mlinganyo wa kundi. Ndani ya kompyuta huwekwa maelfu ya seli, kila moja na kanuni zake rahisi: ukikutana na bakteria mmeze, ukikosa oksijeni pumzika, ukipokea ishara fulani gawanyika. Kisha tunatazama kinachotokea zikiachwa pamoja. Mi na wenzake waliitumia mwaka 2007 kwa mchochota na kidonda cha mguu cha kisukari, wakichunguza nafasi ya kemikali ambazo seli hupeana ishara kwazo, kama TNF na TGF-β1. Programu ya NetLogo, iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999, hupatikana bure na inamruhusu hata asiyepikwa katika hisabati kuanza.

Swali linaloifaa ni la tabia: je, kanuni ndogo hizi zinatosha kuzaa mkwamo tunaouona? Vipimo inavyovihitaji ni vya seli, na kwa kiwango cha zahanati havipo. Kwa kuwa bahati imo ndani yake, jaribio moja halina maana, na hurudiwa mara nyingi, tuseme mara 100, ndipo wastani na mtawanyiko vitazamwe. Uthibitisho wake ni mgumu kuliko wa zote, kwa sababu kanuni zikiwa nyingi, karibu kila matokeo yanaweza kupatikana kwa kuzirekebisha. Inawafaa walimu wa baiolojia, kwa kuwa wanafunzi huona kidonda kikiwa jamii ya seli zenye kazi mbalimbali, na pia watafiti wenye maabara jirani. Mwanafunzi aliye peke yake, mwenye miezi mitano ya tasnifu, namshauri aiache kwanza.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama unahudumia wagonjwa na unataka kujua nani apelekwe rufaa mapema, anza na modeli ya eneo na muda. Weka kipimo cha mwanzo baada ya usafishaji wa kwanza, upime kila wiki au kila mgonjwa anapofika, na ifikapo wiki ya 4 utazame asilimia pamoja na mwendo wa ukingo. Upungufu ukiwa hafifu, modeli imemaliza kazi yake, na kinachofuata ni kumchunguza mgonjwa: damu inafika mguuni, kuna maambukizi hadi kwenye mfupa, sukari ikoje, anakanyagia nini, anakula nini. Daftari la yule muuguzi lilikuwa na hadithi hiyohiyo, kwani ukingo ulisogea wiki tatu za mwanzo na baada ya hapo ukasimama, ingawa kidonda kilionekana chekundu na kisafi. Alipouliza vizuri, aligundua kwamba mgonjwa alikuwa amerudi kazini kubangua korosho, akikaa juu ya mguu wake kutwa.

Kama unaandika tasnifu na una vipimo vichache vya eneo vilivyopatikana kwa kibali na kwa kuficha majina, linganisha kanuni mbili za modeli ya kwanza juu ya vipimo hivyo, uone ni ipi inayobashiri vyema zaidi wiki ulizozificha makusudi wakati wa kuzikadiria kanuni hizo. Kazi hiyo inaonekana ndogo ukiitazama kwa haraka, lakini ni ya kweli, na huku inahitajika. Kama huna vipimo na hutavipata, modeli ya pili ndiyo njia ya uaminifu, mradi useme wazi kwamba unachunguza uwezekano na kwamba humtabirii mtu, na uonyeshe ni namba zipi zinazogeuza jibu.

Kama uko katika kikundi chenye daktari wa upasuaji, mtu wa maabara na mtu wa hisabati, na swali lenu ni la damu, oksijeni au ratiba ya tiba, modeli ya nafasi na wakati inastahili gharama yake. Anzeni na mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati kabla ya kuhamia kwenye uso mzima. Kama unafundisha na lengo ni wanafunzi waelewe kwa nini kidonda hukwama, mchoro wa mabonde mawili utafaa kwa wenye hisabati, na seli mojamoja kwa wasio nayo.

Na kama mahali ulipo bado hakuna daftari la vidonda, usichague modeli yoyote sasa. Chukua daftari la kawaida, na kwa kila mgonjwa atakayekubali, andika kwa namba ya siri badala ya jina lake: tarehe, urefu na upana kwa sentimita, kina, kama kidonda kimesafishwa siku hiyo kabla ya kupimwa au baada, sukari kama imepimwa, viatu alivyokuja navyo, na umbali aliotembea kwa miguu kufika hapo.